Hajanipiga Hata Kofi, Ila Huongea Nami Kupitia kwa Mbwa

Bi Aglaia, shikamoo. Nisaidie mwenzio nimekwama, na kwanza unisamehe kwa mwandiko, naandika nimesimama hapa kwenye jiko la chekechea ninakopika, supu ya watoto iko motoni na karatasi imeshadondokewa na mafuta, unisamehe na kwa hilo pia. Nimeolewa, nina binti mmoja wa miaka saba, na mume wangu, tumwite Liviu, ni fundi wa majiko ya vigae, yale ya kupashia nyumba joto, na katika mji wetu huu karibu kila bibi kizee anaota moto wa jiko alilolijenga yeye, wote wanampenda, wanamkatia keki, wanasema mwanamke aliyempata Liviu kaangukiwa na bahati, na mimi nasimama pembeni natabasamu ili nisionekane nina kisirani.

Ukimwuliza mtu yeyote atakwambia Liviu hajawahi kunipiga, na ni kweli, sitaki kumsingizia, hajanigusa hata kwa kidole. Shida ni kwamba haongei na mimi. Yaani kuongea anaongea, ila anaongea na mbwa. Tuna mbwa mzee, tumwite Grivei, na ilianza kama mzaha tu mwaka ule mtoto alipozaliwa, chumvi ikizidi kwenye supu anamgeukia mbwa anamwambia, mwambie huyo mwenzio leo kapika bahari, nami nilicheka, nilicheka kweli Bi Aglaia, na labda hapo ndipo nilipokosea, maana mzaha ule uliingia nyumbani ukavua viatu ukakaa, na sasa ni miaka sijaitwa kwa jina langu ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mbele za watu jina analijua. Tukiwa kanisani ni Cosmina wangu huku, Cosmina wangu kule, mkono begani, lakini tukishapita lango letu mkono unashuka, mdomo unafungwa, na kuanzia hapo ni Grivei mwambie huyo avue viatu, Grivei mwambie huyo uso wake unanikatisha hamu ya kula, Grivei mwulize huyo kama kwao walimfundisha kuoga. Mbwa mwenyewe maskini anakunja mkia anaingia chini ya meza, na mimi namwonea huruma mbwa.

Halafu kuna mambo ya vitu kupotea. Naweka funguo kwenye msumari wake, nikirudi hazipo, nazitafuta nusu ya siku mpaka nalia, mwishowe zinakutwa ndani ya kopo la unga, na yeye hafoki, angefoka ningejua la kufanya, anamwinamia mbwa kwa huruma anasema, mwenzio kichwa kimeanza kumwendea kombo, tumwombee. Hayo maombi kumbe kayapeleka mpaka kwa padri, na kwa mama yangu mzazi, hata siku moja mama ananipigia simu ananiuliza kama namaliza dawa. Dawa gani, mama? Akasema basi mwanangu, usikasirike, Liviu katueleza. Nilikaa chini palepale kwenye ngazi. Hapa chekecheani watoto wanakula supu yangu wanaomba kuongezwa, nakumbuka ndoo ipi ni ya maziwa ya yule mwenye mzio na nani halali bila doli lake, sijakosea hata mara moja, nikifika nyumbani nakuwa mtu asiyejua funguo kaweka wapi, sasa Bi Aglaia, hivi mtu anaweza kuwa kichaa kuanzia saa kumi jioni tu?

Ningevumilia. Nakwambia ukweli wa Mungu, ningevumilia, nilishazoea. Lakini wiki tatu kabla ya Kwaresima, asubuhi, namvalisha binti yangu gauni la kwenda shule, akalitazama, akageuka akamwambia mbwa, kwa upole kabisa, bila utundu wowote, "Grivei, mwambie mama hili silitaki." Hakuwa ananidhihaki. Mtoto anaona ndivyo watu wanavyoongea na mama. Nikamwambia, mwanangu, mimi si nipo hapa, niambie mwenyewe, akanishangaa kama vile jiko ndilo limeongea.

Siku hiyo nilimwambia Liviu nataka kuondoka, nataka talaka. Akamwita mbwa. "Grivei, mwambie aende mahakamani, akavue nguo mbele ya hakimu, wamtafutie hilo jeraha." Akaendelea kukata mkate. Na mimi nikajiona mjinga, maana jeraha kweli sina.

Sasa nikwambie habari za Nasha, maana hapo ndipo nilipofungwa. Nasha ndivyo kwetu tunavyomwita mama msimamizi wa ndoa, na wewe unajua kwetu msimamizi ni nani, si wa kushika mshumaa kanisani halafu akala pilau akaenda zake, ni mzazi wa ndoa yenyewe, yeye ndiye aliyenivua shela usiku ule wa harusi akanifunga kitambaa cha mke wa mtu, kwa mikono yake, huku wanawake wanaimba na mimi nalia, na tangu hapo kila mwaka tunampelekea mkate wa kusuka na divai, na ugomvi wa ndani ukitokea unapelekwa mezani kwake kwanza, si kwa hakimu. Aliyefunga ndiye afungue, ndivyo tulivyolelewa. Nasha amesimamia ndoa nyingi na haijavunjika hata moja, watu wanasema ana mkono mwema, mabinti wanapanga foleni, na ikivunjika yangu watasema mkono umeingia doa.

Basi juma lile la jibini, la mwisho kabla ya mfungo, Nasha alituletea maandazi ya jibini bila kutuarifu. Nilikuwa nakaanga, dirisha la jikoni nimelifungua moshi utoke, Grivei hakubweka kwa sababu anamjua. Liviu alikuwa amekaa pale mezani, na alichokuwa anasema ni hiki: "Grivei, mwambie huyo, siku akifa nitamwajiri mwanamke wa kufagia, na hakuna mtu humu atakayeona tofauti." Nikatoka nje nipate hewa. Nikamwona Nasha kwa mgongo, anashuka barabara haraka, na kwenye lile benchi letu la langoni kaacha sahani yake, ya maua ya bluu, kaifunika kitambaa, maandazi bado ya moto.

Kwa hiyo alisikia. Jumapili nikamngoja nje ya kanisa, nikamwambia Nasha ulisikia, akaniuliza kama nimepigwa, nikasema hapana, akasema, "Basi, mwanangu. Na sikio langu hili siku hizi halishiki vizuri." Akanishika shavu akaenda. Sahani yake bado ninayo juu ya kabati, sijairudisha, maana sahani ya mtu hairudishwi tupu na mimi sijui niweke nini.

Nakuuliza mawili. Kuna hakimu atakayenisikiliza bila jeraha? Na je, naruhusiwa kwenda mahakamani bila baraka ya Nasha? Nakuandikia wewe kwa sababu gazeti hili likitoka Ijumaa Nasha anavaa miwani anamsomea mumewe ukurasa wako kwa sauti, anasema huyu mama ana akili zake. Liviu halisomi, anawashia moto. Nimeacha namba ya dada yangu Otilia, ya kwangu usipige. Unisamehe barua imekuwa ndefu, na supu imeanza kuchemka sana.

Mama Jikoni, mji wa mtoni

*

Mama Jikoni, mwanangu,

Umeniomba radhi kwa mwandiko, ukaniomba radhi kwa mafuta, ukaniomba radhi kwa urefu wa barua, na katikati ukamwonea huruma mbwa. Ya kwako mwenyewe huruma uliiweka wapi, kwenye kopo la unga? Nimekukasirikia, halafu nimelia, halafu nimempigia wakili. Sasa kaa kwenye kigoda, punguza moto, unisikilize.

Swali la kwanza. Ndiyo, hakimu atakusikiliza. Mumeo fundi hodari wa majiko lakini sheria hajui, na wewe umechukua somo la sheria kwa mtu anayehutubia mbwa. Sheria ya nchi yetu dhidi ya ukatili wa nyumbani inautaja ukatili wa maneno na wa kisaikolojia kwa majina yake: kutukana, kudhalilisha, kutisha, kumtawala mtu. Na mahakama inaweza kuvunja ndoa pale ambapo, kwa sababu nzito, mahusiano ya mke na mume yameharibika kiasi kwamba hayawezi kuendelea. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba sababu nzito lazima iwe na rangi ya zambarau chini ya jicho. Unaweza kuomba talaka itamke kwamba kosa ni lake. Kwa hiyo hutavua nguo mbele ya mtu. Utavaa, tena vizuri, na utafungua mdomo.

Ila nisikudanganye, nikikupaka asali leo utanilaani kesho. Jeraha la ngumi linajionyesha lenyewe. Hili lako linatakiwa lielezwe na liwe na watu wa kulieleza. Atakuja na mabibi vizee wake wote, na kila mmoja ataapa kwamba Liviu ni malaika, na hawatakuwa wanasema uongo, maana kwao ni malaika kweli. Atakuja na hadithi ya kichwa chako. Kwa hiyo tangulia wewe: nenda kwa mwanasaikolojia wa hospitali, mwambie yote uliyoniambia, akupime. Mtu anayekumbuka ndoo ya maziwa ya mtoto mwenye mzio hana wasiwasi wa kupimwa. Kisha mpigie mama yako. Usimfokee, mwenzio kadanganywa kama ulivyodanganywa wewe. Mwulize Liviu alimwambia nini hasa, na kama yuko tayari kukisema mbele ya hakimu. Katika kesi ya talaka ndugu wanaruhusiwa kutoa ushahidi.

Mtoto haruhusiwi kuwa shahidi wa kesi yenu, na hata angeruhusiwa ningekukataza. Usimfundishe cha kusema. Usimwambie baba yako mbaya. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wewe mlee kwa kumwita jina lake na kumngoja akujibu wewe, na akisahau mkumbushe bila ukali. Ataelewa. Watoto wanajifunza ubaya upesi lakini na wema wanajifunza upesi vilevile, nimelea watano.

Wakili kama huna uwezo, mahakama ya wilaya ina utaratibu wa msaada, omba, si sadaka hiyo ni haki yako. Na akianza kukufuata au kukutisha, usiende kujadiliana naye langoni. Unakwenda polisi, unaomba amri ya ulinzi, na mahakama inaweza kumwamuru akae mbali nanyi. Na akija siku moja na maua akakuita jina lako kwa sauti ya kanisani, ukumbuke kwamba sauti hiyo alikuwa nayo siku zote, alikunyima tu.

Swali la pili, hili ndilo lililonifanya nigonge meza mpaka paka akakimbia. Unauliza kama unaruhusiwa kwenda mahakamani bila baraka ya msimamizi! Mwanangu, hiyo mila naijua, na mimi nilivuliwa shela na Nasha wangu, Mungu amrehemu, na mkate wa kusuka niliubeba mpaka alipozikwa. Mila nzuri. Lakini hakimu hatakuuliza kama msimamizi kakubali. Sheria haimhitaji Nasha awe mzazi wa ndoa. Inamhitaji awe shahidi. Wewe ulikwenda nje ya kanisa ukamwomba ruhusa wakati ulitakiwa umwombe aseme alichosikia, na ukimwomba mtu ruhusa asiyotaka kuitoa atakwambia ana sikio bovu.

Sasa nawaambia wasomaji jambo ambalo huwa silisemi. Barua hii nilikaa nayo, sikuichapisha. Nilipiga ile namba ya Otilia, nikawasomea majibu hayo ya juu, tukapanga, na imechapishwa leo kwa sababu Mama Jikoni na binti yake wako salama kwa dada mtu, mji mwingine, mume kaambiwa kwa njia ya wakili, na kesi imeshafunguliwa. Wasije watu wakasema Aglaia anachoma nyumba za wenzake kwa gazeti. Nilipomuuliza katika simu kabeba nini, akasema nguo za mtoto, vyeti, na sahani ya watu. Nikamwambia, mwanamke unakimbia unabeba sahani? Akasema haikuwa yake kuiacha. Na mbwa je? Mbwa, akasema, aliwafuata mwenyewe mpaka kituo cha basi, wakashindwa kumrudisha, dereva akawahurumia. Kwa hiyo fundi wetu yuko nyumbani na maneno yake yote na hana wa kumtuma.

Majina nimeyabadilisha yote, hata la mbwa. Sahani nimeiacha kama ilivyo, kwa makusudi.

Maana umedhani sijui, Mama Jikoni? Umeandika kurasa nzima kwangu, lakini mwishoni ukanitajia nani anasoma ukurasa huu, siku gani, na kama anasoma kwa sauti. Mtu mwenye kichwa kilichokwenda kombo hapangi hivyo. Barua hii hukuniandikia mimi. Basi nami nakufikishia kwa mwenyewe.

Nasha, habari za leo. Najua umevaa miwani, na mzee wako yuko hapo anasikiliza. Usimsomee sehemu hii haraka.

Sikuandikii kukutukana. Unaogopa mkono wako usiingie doa, na mimi nakuelewa, mkono mwema katika miji yetu haununuliwi dukani. Ulimvua yule binti shela akiwa analia, ukamfunga kitambaa, ukamwambia yale tunayowaambia wote, kwamba kuanzia leo akiwa na tatizo aje kwako. Akaja. Kwanza hakuja kwa miguu, alikuja kupitia dirisha lililokuwa wazi, na wewe ulisikia, kwa maana mtu asiyesikia hawezi kuacha maandazi ya moto kwenye benchi akashuka barabara mbio kwa magoti ya uzee. Uliona aibu kwa niaba yake. Moyo wako una afya kuliko sikio lako, na wala sikio lenyewe halina neno.

Unadhani watu watasema ndoa uliyoisimamia imevunjika. Nasha, imevunjika zamani, kila siku kwa vipande, chini ya meza yenye mbwa. Hukuivunja wewe na hutaiunga kwa kunyamaza. Lililobaki mikononi mwako ni dogo: uingie katika chumba cha mahakama na koti lako la Jumapili, uulizwe ulisikia nini siku ile ya maandazi, na useme. Sentensi moja tu aliyosema yule bwana, kama alivyoisema. Huhitaji kuongeza chumvi. Baada ya hapo mabinti wataendelea kuja kwako kuomba usimamizi, na ningekuwa na binti wa kuoza leo ningekuja mimi, kwa sababu ningejua kwamba siku mambo yakimharibikia kuna mtu atakayemsikia.

Na wewe Mama Jikoni, usikae dirishani ukimngoja. Fanya yale mengine yote niliyokwambia, akija asije, kesi yako ina miguu mingine. Pika. Mwite mtoto jina lake. Otilia ananiambia juzi binti aliamka akasimama mlangoni akasema, "Mama, nina njaa," moja kwa moja, bila kumtazama mbwa, na wewe ukamwaga nusu ya maziwa kwa furaha. Hayo maziwa nimefurahi nayo na mimi.

Nasha, Otilia anakaa nyuma ya soko la mboga, mlango wa kijani, basi la asubuhi linakufikisha kabla ya saa nne. Sahani yako ya maua ya bluu iko pale, imeoshwa, na binti kaniapia kwamba ameshajua cha kuweka juu yake. Nenda ukaichukue.

Bi Aglaia